Dagaa Kwenye Shimo la Kwanza

Jumatatu, 18 Agosti

Uwanja wa gofu hapa Bangwe umekauka kama ngozi ya ng'ombe. Dada Aikande, meneja wetu, anasema mwenye uwanja hataki mbolea ya dukani wala maji ya ziwa kumwagwa ovyo. Uwanja ujitunze. Msimu ukiisha atabaki kibarua mmoja, awe nyapara: mimi au Dismasi. Dada Aikande ataamua Jumamosi, wageni wakija kucheza. Nikikosa, narudi Singida kwa mke wangu, ambaye nimeshamwambia mimi ni nyapara tayari.

Dismasi ni Muha wa Simbo. Kasema nyasi zimelala, tuziache, mvua itaziamsha. Kisha naye akalala. Huyo ndiye mshindani wangu.

Jumanne, 19 Agosti

Nimepata akili. Akina mama ufukweni wanaanika dagaa mchangani, mlaji anatafuna mchanga. Nimemwambia Mama Honorata, mkubwa wao, aanike kwenye nyasi za shimo la kwanza. Maji ya dagaa ni mbolea, tena ya bure. Akauliza kama nina ruhusa. Nikamwambia ruhusa ni mimi. Akaniita baba. Tangu nije Kigoma nimeitwa "wewe" tu.

Alhamisi, 21 Agosti

Ni siku za giza, mwezi hakuna, mitumbwi inarudi imejaa. Mama Honorata kaleta wenzake, na wenzake wana wenzao. Shimo la kwanza limejaa, la pili limejaa. Mwewe wanashuka. Dismasi kapita, kanisalimia: shikamoo, nyapara wa dagaa. Wivu. Nyasi hazijawa za kijani, ila zinang'aa kama fedha. Kwa mbali zinapendeza.

Ijumaa, 22 Agosti

Wageni ni kesho, nimewaomba akina mama waanue. Mama Honorata kasema dagaa mbichi haanuliwi, anaoza. Akauliza, kwani kwetu Singida tunaepua ugali haujaiva? Nikajibu kwetu tunakula kuku. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hakuanuliwa hata dagaa mmoja.

Jumamosi, 23 Agosti

Mgeni wa kwanza kapiga mpira, umeangukia kwenye dagaa. Mama Honorata kamwambia avue viatu kwanza. Kavua, mtu mzima na kitambi chake. Halafu wageni wakaacha gofu, wakanunua dagaa wasio na mchanga.

Dada Aikande akauliza nani aliruhusu. Nikasema Dismasi. Mama Honorata akadakia: "Baba, si ulisema ruhusa ni wewe?"

Dagaa walipoanuliwa, chini nyasi zimepikika kama mboga, zimekufa. Zile alizoziacha Dismasi zilale, kavu lakini hai. Nyapara ni yeye. Kashinda kwa kulala.

Jumapili, 24 Agosti

Nimepewa wiki moja kuondoa harufu na mabaki, la sivyo niondoke mimi. Kazi ndogo. Nimeongea na jirani yetu Alphonce, ana nguruwe kumi na wawili. Wanaingia kesho, watakula kila kitu, bila dawa, bila maji.

Dismasi kaniuliza kama nguruwe hawafukui ardhi. Unyapara wa siku moja, tayari anajifanya bwana mifugo.