Nota Kwenye Bitana

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Matusi! Mwalimu mpya wa kwaya katangaza kwamba kuimba kwa kukariri kumekwisha. Ijumaa kila mwimbaji wa besi, sauti nzito ya chini, atasoma nota kwenye karatasi, mmoja mmoja, na atakayesoma vizuri ndiye atakayeimba peke yake kwenye tamasha la Jumapili. Mistari minne ya wimbo, ile niliyokwisha kumwahidi mama mkwe! Anakuja na dada zake wawili, na wote watatu wana miaka ishirini wanamuuliza mke wangu aliona nini kwangu. Nikauliza kama masikio yamepitwa na wakati; haya yangu yamefanya kazi miaka kumi na tisa. Fundi Saa, jirani yangu wa duka na wa besi, akacheka mpaka akakohoa. Mpiga kinanda alitingisha kichwa tu. Lakini yeye hutingisha kichwa tangu wimbo uanze mpaka uishe, ndiyo maana tunamwita Mjusi.

Jumanne, tarehe 5

Nimeikagua karatasi dukani, kati ya suruali mbili. Mistari mitano na vidoa kama mbu waliopigwa ukutani. Nikaipima kwa futi. Haikusaidia. Nikaazima daftari la filimbi la binti yangu, bila kumsumbua kwa kumuuliza. Humo kila nota ina jina lake. Kazi kwisha! Nimenakili majina yote chini ya vidoa vyangu.

Binti akarudi, akachungulia. Eti Baba, mbona alama ya mwanzo wa mstari si kama yangu? Kweli, yake ni kama uzi uliojisokota, yangu kama sikio lenye hereni mbili. Nikamwambia hayo ni mapambo ya mchapaji. Baba yako ni fundi cherehani, nakshi anazijua. Akataka kuendelea. Nikamkumbusha nani mzazi hapa. Akasema sawa Baba, kwa tabasamu la mama yake. Sikulipenda.

Jumatano, tarehe 6

Dhuluma! Mwalimu kakusanya karatasi zote zenye penseli. Ijumaa tutapewa safi. Alisema hamlengi mtu, huku ananitazama mimi. Hanijui! Nilikuwa nimeshanakili nota zote kwenye kitabu cha vipimo, kati ya kiuno cha mke wa daktari na mabega ya mwashi. Tena kwaya nzima tunavaa koti la bluu la aina moja, na mshonaji ni nani? Leo nimetarizi nota zote kwenye bitana, kile kitambaa cha ndani, ya mkono wa kushoto, uzi mweupe, mishono midogo. Kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huu, na hakuna wa kumwonyesha.

Alhamisi, tarehe 7

Fundi Saa kaleta koti lake, kifungo kimeng'oka. Nikamshonea, maana mimi si mtu wa kinyongo. Akaniuliza, kwa upole wa paka, kama kusoma kumeingia. Nikamwambia ashughulike na mishale yake. Akatwaa koti msumarini, akaondoka anapiga mluzi. Mke wangu anasema tumekuwa majogoo wawili kwenye tenga moja. Eti nimwombe binti anifundishe nusu saa tu, yaishe. Nusu saa! Mimi!

Ijumaa, tarehe 8

Wizi mchana kweupe! Nakunja mkono wa koti, bitana tupu! Kifungo kipya! Fundi Saa alikuwa amevaa langu, na keshaitwa mbele. Akakunja mkono, macho yake yakatua kwenye bitana. Akatabasamu. Akaimba nota zangu, kwa kifua chote.

Ilikuwa balaa. Mjusi aliacha kutingisha kichwa, mara ya kwanza tangu tumfahamu. Mwalimu akamsimamisha: ile alama ya mwanzo ndiyo humwambia msomaji kila nota iko wapi, na bwana huyu kasoma besi kwa alama ya sauti za juu. Hakupata hata moja.

Mwenye akili angekaa kimya. Nikasimama. Nikasema nota hizo ni sahihi, nimezishona kwa mkono wangu, huyu kaziiba kisha kaziharibu! Nikaukunja mkono wa koti alilovaa, kwaya nzima ione. Ikaona. Sauti za juu walilia kwa kicheko. Fundi Saa naye akanigeukia, eti fundi gani mimi, namshonea mwenzangu uongo!

Mistari minne kapewa msoma mita za maji. Kajiunga mwezi wa tatu!

Jumamosi, tarehe 9

Haki imetendeka, kidogo. Mwalimu kanihurumia: kesho nitakaa karibu na Mjusi, nimgeuzie kurasa. Nimemjulisha mama mkwe kwamba nitakuwa mbele kuliko besi wote.

Mke wangu anasema mgeuza kurasa hana budi kusoma nota kuliko hata mwimbaji. Binti kaja na daftari lake, kavuta kiti, eti Baba, nusu saa tu. Nikamshukuru, nikamwambia akacheze.

Wananiona mjinga. Mjusi nimemchunguza miaka mingi, sina haja ya nota hata moja.

Akitingisha kichwa tu, nageuza.