Malalamiko Kuhusu Kurudishwa kwa Baronesa 62

Wahabu Muzamili,
Fundi wa Redio na Spika,
Koboko.

Kwa Meneja wa Matoleo Mapya,
Kiwanda cha Magari ya Plastiki ya Kuunga.

Ndugu Meneja,

Naamini barua hii inakukuta mzima, na wafanyakazi wako wazima, na mashine zako zimezimwa. Kama hazijazimwa, nakuomba uzizime kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mimi ndiye mwenye Baronesa 62. Hadi mwanzoni mwa mwaka huu nilikuwa mwenye nayo peke yangu, kuanzia Koboko mpaka Arua. Marehemu baba yangu alipewa na mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akifunga virago, ikiwa katika boksi lake, nailoni ya kiwandani haijatobolewa. Baba hakulifungua. Mimi sikulifungua. Miaka hamsini gari hili limekaa juu ya kabati, jekundu pale kifunikoni, lenye mapezi nyuma na bampa inayong'aa, halijapata hata mkwaruzo mmoja. Nionyesheni gari jingine West Nile lenye sifa hiyo.

Mwaka jana nilimpenda Jalia, fundi wa cherehani wa Arua. Nilimpenda kwa moyo wangu wote na sioni aibu kukiandikia kiwanda. Anayemwozesha ni baba yake mkubwa, Mzee Tahiru, ambaye aliendesha lori la tumbaku miaka thelathini, kwa hiyo kwa mchumba hana maswali mengi. Aliniuliza mbele ya wazee wote: "Gari iko?" Nikajibu: "Iko."

Huko kwenu, Ndugu Meneja, labda watu huulizana kama mtu analo gari, analimiliki, analiendesha, na kila neno lina mtego wake. Sisi huku tunatumia moja. Soda iko, fundi iko, mvua iko. Kitu kikiwepo, iko, na boksi lilikuwepo. Mzee akauliza jina lake, nikasema Baronesa 62; akauliza rangi, nikasema nyekundu. Akauliza limetembea kiasi gani, nikasema halijatembea hata hatua moja tangu litoke kiwandani. Akauliza linalala wapi, nikasema ndani, chumbani kwangu. Mzee akawageukia wenzake akasema hajawahi kuona mtu anayetunza gari namna hiyo. Hakuuliza ukubwa. Nani huuliza ukubwa wa gari?

Ndoa ikapangwa Ijumaa ya pili baada ya Idi. Hapo ndipo ninyi mkaona inafaa kutoa toleo jipya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeitoa upya bila kuniuliza. Kwenye kifuniko changu mliandika kwamba ni toleo maalumu, la idadi ndogo. Nimeishi kwa maneno hayo tangu nilipojua kusoma. Sasa Enoch, mwenye duka la vifaa vya shule pale Awindiri, mjini Arua, amepanga Baronesa sita dirishani, kati ya rula na madaftari, na Mzee Tahiru huwa ananunua kalamu kwa Enoch.

2. Mmeleta namna tatu. Gari langu ni gari, basi. Lenu jipya mnasema mtu anaweza kuliunga liwe la kawaida, au la mashindano, au la kubebea maiti. Picha zote mmezichapa ubavuni mwa boksi, na ya maiti mmeiweka juu. Mzee alinipigia simu akiwa palepale dukani kuuliza nitamchukua Jalia kwa lipi. Nikamwambia la kawaida. Akataka kujua lile la maiti nimemwandalia nani. Mzee ana miaka themanini na mmoja, Ndugu Meneja.

3. Mmeandika idadi ya vipande: mia moja na kumi na nane. Zamani hamkuandika, na ilikuwa heshima. Mtu aliyezeeka na malori anajua kwamba gari likiwa vipande mia moja na kumi na nane haliitwi gari, linaitwa spea. Mzee amewaeleza majirani zake kwamba Wahabu ana spea. Nilimkumbusha kwamba hata lori lake lilikuwa vipande vilivyoshikana kwa bolti tu. Akasema ndiyo, lakini yeye alivikuta vimeshashikana.

4. Hili ndilo kubwa. Kando ya jina la gari mmechapa 1/25, kwa tarakimu nene za njano. Kwenye boksi langu haipo. Maana yake, kwamba kilichomo ni kidogo mara ishirini na tano kuliko gari lenyewe, naijua mimi, mnaijua ninyi, na Enoch anaijua. Mzee Tahiru hakuijua, na hakutaka kuelezwa na muuza rula. Alisoma moja juu ya ishirini na tano, akatafakari, akaelewa kwamba mimi nina fungu moja katika gari la watu ishirini na watano. Akanipigia tena. Hakukasirika hata kidogo. Alisema watu wa siku hizi hununua vitu kwa pamoja na hakuna ubaya, ila binti yake hawezi kupanda gari la watu asiowajua. Niwalete hao ishirini na wanne wajitambulishe.

Ningeweza kusema ukweli siku ile. Mdomo niliufungua kwa nia hiyo. Kilichotoka ni: "Wako."

5. Kwa hiyo, kwa sababu yenu, nimetafuta watu ishirini na wanne. Jude wa Dadamu alikubali kwa kuwa tulisoma pamoja. Betty na Daisy kutoka Logiri walikuja wakidhani ni mkutano wa mbegu za mihogo. Driciru, anayeuza samaki mbele ya karakana yangu, alileta dada zake watano. Wengine kumi na watano ni wateja ambao redio zao bado ziko mezani kwangu, nao walikubali haraka sana. Tulikwenda kwa Mzee, tukala pilau yake, na kila mmoja akasimama kusema kwamba yeye pia ni mwenye gari. Walisema vizuri mno. Ilipofika chai ya pili walikuwa wanaamini wenyewe.

Sasa Driciru analitaka gari kila Jumanne kwa ajili ya samaki. Betty amelipangia safari za mihogo. Jude amemwahidi padri wa parokia yake. Wamechagua mwenyekiti, ambaye si mimi, na jana mwenyekiti aliniletea onyo la maandishi kwamba ninahodhi chumbani mali ya watu ishirini na watano.

6. Stika zenu mpya za kulowesha zina namba ya usajili tofauti na ile iliyo kwenye picha yangu. Najua hili ni dogo, lakini limeniuma.

Ndugu Meneja, mimi si mtu wa kulalamika bila kuonyesha njia. Naomba msimamishe toleo hili mara moja, na mumtume mtu Awindiri azikusanye zile sita. Mkishindwa, basi tengenezeni namna ya nne. Waliobuni gari la mashindano na gari la maiti hawawezi kushindwa kubuni gari la kupanda. Zidisheni kila kitu mara ishirini na tano, hakuna ufundi mwingine unaohitajika. Gundi tumeni kwa pipa. Bisibisi ninazo. Boksi lisipopita mlangoni tutafumua ukuta, nimeshazungumza na mwenye nyumba. Mzigo ufike Alhamisi, ili nipate siku moja ya kuunga.

Kama haya hayawezekani, nitamkosa Jalia, na ninawaandikia nikiwa na hofu ya kweli, maana sijawahi kumpenda mtu hivi na umri wangu ni miaka arobaini na sita. Lakini mjue kwamba sitakuwa nimemkosa kwa sababu mimi ni mwongo. Nitakuwa nimemkosa kwa sababu ninyi mmekuwa wakweli kupita kiasi, tena juu ya boksi.

Nisalimie wachoraji wa vifuniko, yule anayepaka kromu kwenye bampa, mlinzi wa geti, na watu wa nyumbani kwako. Huku Koboko wote wanakusalimu, isipokuwa mwenyekiti.

Mimi, mwenye gari,
Wahabu Muzamili

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha wakati Jalia alipoingia, ametoka Arua pamoja na Mzee Tahiru. Hakukaa. Aliteremsha boksi kutoka juu ya kabati, akaichana nailoni kwa mkasi wake wa kazi. Mimi nilifumba macho. Nilipoyafumbua, meza ilikuwa imejaa vipande vya kijivu na hapakuwa na gurudumu hata moja. Ndugu Meneja, ni meli. Mlipofungasha mlikosea boksi, na baba yangu na mimi tumetunza meli miaka hamsini.

Nikasimama nikamwambia Mzee kwamba gari hakuna, halikuwahi kuwepo, dogo wala kubwa, na wale watu niliwakusanya tu. Mzee alikuwa ameshika nanga kwa vidole viwili anaigeuzageuza, kisha akaniuliza kama gundi iko. Kwa hiyo msisimamishe toleo jipya. Nimelikagua kwa Enoch: kila kilichoandikwa nje kimo ndani, magurudumu na yote, na Mzee anaomba mumtumie moja.

Jalia aliurudisha mkasi mfukoni. Halafu akasema: "Mimi najua toka mwanzo gari hakuna. Nilikuwa nangoja wewe mwenyewe useme." Harusi ni Ijumaa, na tutakwenda kwa miguu.