Kiti cha Mbele na Kitufe cha Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Habari kubwa! Jumamosi Shangazi anakwenda tena kwenye uwanja wa mbio za magari. Ni ile siku ambayo watu wa kawaida huruhusiwa kuingia na magari yao ya kawaida. Siku nyingine zote Shangazi huendesha gari la kusambaza mikate, polepole, maana mkate uliobonyea haununuliwi. Mwaka jana aliuzunguka uwanja kwa dakika mbili na sekunde tisa. Mwaka huu anataka kushuka chini ya dakika mbili. Akimaliza mizunguko ya kupimwa, ataruhusiwa kubeba abiria mmoja kwa mzunguko wa mwisho.

Abiria mmoja! Ni mimi. Nimekisubiri kiti hicho tangu darasa la nne.

Jioni. Si mimi peke yangu. Bibi naye anakitaka. Bibi! Ana miaka sabini na mitatu na goti moja lenye hasira. Nilimkumbusha goti hilo kwa heshima zote. Akaniambia, mke mwenzangu, kiti hukaliwa na makalio, na yangu mazima.

Tulibishana mpaka Shangazi akachoka. Akatupa swali. Kwenye gari lake kuna kitufe chenye picha ya gari linaloacha alama zilizopindapinda. Kinahusu mfumo unaohisi gari likianza kuteleza. Hapo hapo mfumo hushika breki ya gurudumu moja na kupunguza nguvu za injini, gari lirudi njiani. Fundi wetu huuita mfumo huo mama mkwe: ukienda vizuri hana neno, ukikosea anakudaka mkono. Swali: uwanjani, mama mkwe aachwe kazini au apumzishwe? Mwenye hoja bora Ijumaa atakaa mbele.

Nimechagua apumzishwe. Bibi amechagua aachwe. Hakufikiri hata kidogo. Alisubiri nichague kwanza.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Utafiti. Nimesoma kitabu cha gari chote, kurasa mia mbili na kumi na mbili. Ukurasa wa themanini na nane unasema mfumo waweza kuzimwa gari linapokwama kwenye matope au mchanga. Uwanja ni wa lami. Nimeamua kutoutaja ukurasa huo.

Baada ya shule nilipitia gereji na soda ya baridi kwa ajili ya fundi. Alikuwa chini ya gari, kwa hiyo nilizungumza na viatu vyake. Viatu vikasema ni kweli, wako madereva wanaoujua uwanja kama kiganja cha mkono. Mama mkwe huwakata nguvu pale wanapotaka kuteleza kidogo kwa makusudi, na hao ndio wanaozima. Nikaandika mbio mbio. Kisha viatu vikasema hao ni wachache sana, ila kila dereva hudhani yumo.

Kufikia hapo nilikuwa nimeshafunga kalamu. Kwenye daftari langu, ushahidi wa fundi unaishia kwenye neno "wanaozima".

Jumatano, tarehe 4 Juni

Jaribio la kisayansi. Mahali: barazani. Barabara: sakafu yenye maji ya sabuni. Gari: meza ya chai yenye magurudumu. Dereva: kiazi kikubwa.

Safari ya kwanza niliifunga meza kamba na kuishikilia kwa nyuma, kamba ikiwa ndiyo mama mkwe. Ikafika salama. Sekunde kumi na moja. Aibu tupu.

Safari ya pili niliiachia. Radi! Sekunde tatu! Kasi: bora kabisa. Uelekeo: utajadiliwa.

Chungu cha maua cha Mama kimekuwa vyungu vitatu. Mama aliuliza ni nani. Kiazi kilikuwa kimejificha chini ya kabati la viatu, nikabaki peke yangu. Bibi, ambaye kumbe alikuwa dirishani tangu mwanzo, alipiga makofi na kunishukuru kwa kumtafutia ushahidi. Nimepiga deki baraza mara mbili.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Mjadala, baada ya chakula. Nilikuwa na hoja sita na mchoro wa rangi. Nilisimama wima kama tulivyofundishwa. Nilisema mfumo hupunguza nguvu, na dereva anayepunguziwa nguvu hawezi kushuka chini ya dakika mbili. Shangazi akatikisa kichwa kama anayekubali. Nilianza kuonja ushindi.

Bibi hakusimama, kwa sababu ya goti. Aliinua tu fimbo yake. Akasema, nikitembea sawa, hii haina kazi, naiburuta tu. Nikiteleza, ipo. Sasa nani huyo atakayeiacha nyumbani siku ile ile anayokwenda kukimbia?

Shangazi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akaniuliza kama fundi alisema lolote baada ya "wanaozima". Nikasema karatasi iliisha. Bibi akasema pole, mke mwenzangu, karatasi za siku hizi fupi.

Hukumu: kiti ni cha Bibi, na kesho Shangazi atamwacha mama mkwe kazini. Labda saa ya uwanjani iseme vingine, aliongeza.

Labda! Nimelirudia neno hilo tangu niliponawa miguu. Je, kama Shangazi ataendesha mama mkwe akiwa amezimwa, bila kujua, na akashuka chini ya dakika mbili? Saa itakuwa imesema. Nilijiuliza kama ni hatari. Nikajijibu kwamba Shangazi hajawahi kubonyeza hata mkate mmoja.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Naandika nikiwa nimeshika fimbo ya Bibi. Nitaeleza.

Asubuhi tulipanga foleni ya ukaguzi, injini ikiunguruma. Shangazi alishuka kwenda kuandikisha jina. Nikajitolea kufuta vumbi kwenye dashibodi. Nikabonyeza kitufe na kuhesabu hadi tano, kama ulivyoagiza ukurasa wa themanini na nane. Taa ndogo ya njano ikawaka. Hilo sikulitarajia! Nikaifunika kwa plasta ya kidonda.

Mkaguzi alifika, akaamuru injini izimwe, akafungua boneti, akatazama breki. Wakati Shangazi anawasha tena, mkaguzi akaiona plasta. Akauliza gari limeumia wapi. Shangazi akayatazama magoti yangu. Mkaguzi akaibandua, na chini yake taa haikuwa inawaka tena. Bahati iliyoje! Nikajua imeungua.

Shangazi akaingia uwanjani. Mzunguko wa kwanza, dakika mbili na sekunde nne. Wa pili, mbili na moja. Wa tatu, dakika moja na sekunde hamsini na nane! Nilirukaruka. Aliporudi sikungoja hata avue kofia ngumu. Nikatangaza mbele ya watu wote kwamba mama mkwe alikuwa amezimwa, na aliyemzima ni mimi, na kwa hiyo kiti ni changu.

Kisha fundi, aliyekuja kushangilia, akashika tumbo kwa kicheko. Akasema, binti, gari likizimwa na kuwashwa upya, mama mkwe hurudi kwenye kiti chake mwenyewe, hangoji kukaribishwa. Alikuwa kazini mizunguko yote mitatu.

Shangazi hakucheka. Aliniambia taratibu kwamba ningefaulu, angeingia kona ya tatu akitegemea mkono ambao haupo.

Sikuwa nimeifikiria kona ya tatu. Nilisema samahani, na sauti yangu ikatoka ndogo.

Bibi amevaa kofia ngumu juu ya mtandio wake. Amenikabidhi fimbo nimshikie. Wakipita mbele yangu ananipungia mkono, na nasikia anamhimiza Shangazi akaze mwendo. Ameshuka na kusema goti limepona.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Shangazi alinieleza jambo wakati tunaosha gari. Mama mkwe akifanya kazi, taa yake humetameta. Mwaka jana ilimetameta kila kona. Mwaka huu, katika mzunguko ule wa haraka, mara mbili tu. Akasema, si mama mkwe aliyebadilika, ni mimi. Siku taa isipometameta hata mara moja, ndipo ataanza kufikiria kumzima, mwalimu wa udereva akiwa kando yake.

Kisha akasema maneno matamu kuliko yote ya wiki hii. Mwaka ujao kiti ni changu! Sharti: mpaka siku hiyo nisiguse kitufe chochote kisichonihusu. Aliniachia niandike ahadi mwenyewe, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nimeandika: "Sitagusa kwa kidole changu kitufe chochote kisichonihusu." Shangazi ametia sahihi. Bibi ni shahidi.

Nimejifunza mengi.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Mtandio wa Bibi ulikuwa bado unanuka moshi wa uwanjani. Nilitaka kumfulia, kama njia ya kuomba radhi. Mashine ya kufulia ina kitufe chenye picha ya beseni na nukta. Kuna nukta moja, mbili na tatu. Mama hutumia moja siku zote. Nikaona tatu ni zaidi ya moja.

Kumbe nukta ni za joto la maji. Mtandio sasa unamtosha kiazi.

Sikukigusa kitufe kwa kidole. Nilitumia mpini wa mwiko. Shangazi na Bibi wako sebuleni, wanaisoma ahadi upya kwa sauti. Wamefika kwenye neno "kidole" na wanalirudia mara ya pili.

Siku zilizobaki: mia tatu sitini na mbili. Nina matumaini.