Skana Iliyoidhinishwa na Kamati

Wananchi wa Kaunti ya Tamarack, Wisconsin, walitangaziwa kwa heshima zote kwamba shughuli ya kusikiliza redio za zimamoto na ambulensi, iliyokuwa ikifanywa kiholela tangu enzi za babu zao, sasa imewekewa utaratibu.

Tangazo lilisainiwa na Mkuu wa Kaunti mwenyewe, Merle Haverkamp, mtu aliyependa maendeleo kuliko usingizi. Ni yeye aliyeleta mitambo mipya ya redio ya kidijitali. Zamani zimamoto walikuwa na masafa yao, ambulensi ilikuwa na yake, na skana kuukuu, kile kiredio cha kunasia mawasiliano, iliyokaa juu ya friji katika kila jiko ilinasa yote. Mtu akianguka, majirani walifika na sahani ya viazi vya kuoka hata machela haijashushwa. Mitambo mipya ilikuwa na akili zaidi: kila sentensi ilirushwa kwenye masafa yoyote yaliyo wazi, mara huku, mara kule. Skana za friji zikabaki kukoroma.

Merle alifurahi, na tuseme ukweli, alikuwa na sababu. Alipanga kuiondoa ambulensi ya kijiji cha Alder Fork mara tu baada ya uchaguzi wa Aprili. Hakuona haja ya kuwasumbua wapiga kura na jambo ambalo wangeligundua wenyewe siku wakiiita isije.

Lakini malalamiko yalizidi, basi akaunda Kamati ya Kuwaongoza Wananchi katika Uchaguzi wa Skana. Kamati ilijadili uzito, rangi, ulaini wa vitufe na athari za antena kwa mapazia. Suala la kama skana inasikia chochote liliahirishwa kwa kukosa akidi.

Siku ya kuonyesha skana iliyoidhinishwa, alisimama Ardis Tollefson, mkaanga samaki wa kituo cha zimamoto cha Alder Fork. Mumewe, Gordy, moyo wake ulishagoma mara mbili, na mara zote mbili ni ile ambulensi iliyomrudisha.

"Merle, hicho kidude kinaweza kuyafuata mazungumzo yakihama masafa?"

"Kina saa, Ardis. Na taa ya buluu."

"Saa ninayo. Kinafuata au hakifuati?"

"Kamati imeridhika kwamba kinatoa sauti."

"Hata bata wangu anatoa sauti!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Merle naye akacheka, maana kura ni kura.

Ardis akaenda kujinunulia yake: nzito, sura mbaya, haina saa. Aliiingizia namba ya posta ya kijiji, ikayatambua makundi yote ya mazungumzo kwenye mitambo mipya, na kila kundi lilipohama masafa, ikahama nalo. Akaiweka jikoni pale kituoni.

Merle hakuwa na habari. Kwake yeye, kidijitali na siri vilikuwa ndugu wa tumbo moja: maneno yakirukaruka hivyo, nani atayakamata? Ndiyo maana alipiga soga zake zote na msaidizi wake, Duane Kubiak, kwenye redio ya gari la kaunti.

Ijumaa moja ya Kwaresima, kijiji kizima kilikuwa kituoni kikila samaki, mkate wa shayiri na kabichi. Merle akaegesha nje ili aingie kusalimia wapiga kura.

"Duane, nimefika Alder Fork," akasema redioni. "Habari ya ambulensi ifunike kwanza, mpaka wapige kura."

Akaingia akitabasamu. Watu wameshika uma, wanamtazama.

"Jamani, mbona hivyo? Samaki wameungua?"

Sauti ya Duane ikatokea dirisha la jikoni, safi kabisa:

"Sawa, mkuu. Ila gari lenyewe nishaliuza kaunti ya jirani. Na yule Ardis ukimwona, mpe mkono, mdanganye kidogo."

Gordy akaweka uma chini. Ardis akatoka jikoni akijifuta unga.

"Haya, Merle. Mkono huu hapa. Anza kudanganya."

Katika utumishi wake wote, Merle hakuwahi kukosa la kusema. Akakohoa, akaitazama skana ile.

"Kifaa hicho," akauliza, "kimeidhinishwa na kamati?"

Ardis akaiongeza skana sauti.

"Mkuu?" Duane akaita tena. "Mkuu, unanipata?"

"Tunakupata, Duane," ukumbi mzima ukaitikia. "Endelea."