Mke Wangu Ni Mzigo, Si Baiskeli ya Pili

Kituo cha Leer, Ujerumani
Jumanne mchana

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Baiskeli Ndani ya Treni,

Pole na kazi. Mimi ni Harm Wubbena, mstaafu wa Winschoten, Uholanzi, mtu mtulivu ambaye leo amekosewa adabu ugenini. Mimi na mke wangu Aaltje tulikuwa tunakwenda Oldenburg kumwona mjukuu wetu wa kwanza, pamoja na baiskeli yetu ya watu wawili, ile ya kiti kimoja nyuma ya kingine. Nilikuwa na tiketi ya baiskeli moja. Kondakta wako, Bi Brandes, akasema inahesabiwa mbili, nikate tiketi ya pili. Sikukataa kwa ajili ya pesa, nilikataa kwa ajili ya haki, na malalamiko yangu ni haya:

1. Baiskeli ina magurudumu mawili. Yangu ina mawili. Kengele moja, kufuli moja. Hata mtoto wa chekechea angeihesabu.

2. Anayekanyaga pedali ni mmoja, naye ni mimi. Sijisifu. Kwa miaka thelathini, kila tukipita kando ya mifereji ya kwetu, watu hunipigia kelele: "We Harm! Huyo wa nyuma hakanyagi!" Mji mzima hauwezi kuwa mwongo. Nami hugeuka nikamtetea: "Mwacheni, anaangalia ng'ombe!" Maana nampenda.

3. Asiyekanyaga ni mzigo, na mzigo wa abiria kwenu haulipiwi. Kwa hiyo naomba nirudishiwe na nauli ya Aaltje pia.

4. Hoja hiyo ya tatu niliitoa palepale kituoni, kwa sauti, watu wakisikia. Aaltje akaniuliza, "Mimi mzigo, Harm?" Nikamwambia ni kisheria tu, mpenzi. Akasema, "Haya, mzigo unapanda. Wewe na baiskeli yako moja mtajuana." Akachukua biskuti na peremende za buluu tulizobeba, maana ndiyo desturi ya kwetu akizaliwa mtoto wa kiume, akapanda. Bi Brandes alimshikia mlango, tena kwa tabasamu.

5. Treni yako, basi, imeondoka na mzigo wangu bila mwenyewe. Naomba mzigo huo uandikishwe kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea na nirudishiwe ukiwa mzima, kabla binti yetu hajasikia habari za upande mmoja.

Sasa naondoka kwa baiskeli. Kwa kuwa siku zote nakanyaga peke yangu, na leo mzigo umepungua, nitafika Oldenburg mapema kuliko kawaida.

Nisalimie wafanyakazi wote, isipokuwa mmoja.

Wako mdai haki,
Harm Wubbena

Nyongeza: Nakuandikia kutoka kituo cha Augustfehn, sijafika hata nusu ya njia. Nchi ni tambarare na upepo si mkali, lakini miguu imegoma. Kwenye daraja dogo tu la mfereji nilishuka nikasukuma. Nilipopanda tena, mama mmoja aliyekuwa akifagia mlangoni kwake akaniita: "Wewe baba! Huyo wa nyuma hakanyagi!" Nikageuka kumtetea, kama nilivyozoea. Kiti kilikuwa kitupu. Nimeona aibu, Mheshimiwa, na nimemkumbuka mno mke wangu. Bi Brandes alihesabu sawasawa. Nimeshakata tiketi mbili za baiskeli. Mimi mwenyewe niandikeni mzigo.