Njia ya Ndege Ilivyonipokonya Safari

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anasafiri! Binti yake wa mwisho kajifungua ng'ambo, na zimetumwa tiketi mbili. Ya pili ni ya msindikizaji. Nani kama mimi? Ila mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, kishaanza kujipendekeza. Anadai mji huo aliwahi kufika. Kwenda, saa kumi na tatu hewani. Kurudi, kumi na moja. Njia ile ile! Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia, najifanya namjulia hali. Saa mbili zilipotelea wapi? Eti upepo: kwenda unaikabili ndege, kurudi unaisukuma. Kwani ndege ni kishada? Akaongeza kwamba walipita juu kabisa kaskazini, akaona barafu chini. Nimemnasa!

Jumatano, 5 Machi
Nimetandaza ramani kwenye meza ya kukatia nguo dukani kwangu, nikaweka futi. Mstari ulionyooka haukaribii barafu hata kidogo. Mzushi mkubwa! Kwa furaha nikaurefusha mstari kwa chaki hadi kwenye kitambaa cha suti ya bwana harusi. Baadaye mkasi ukaufuata. Bwana harusi amefoka. Nimemwambia ndiyo mitindo ya sasa.

Jumapili, 9 Machi
Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nikasimama, nikafungua ramani, nikamsomea mwanyumba mashtaka yake. Yeye anatafuna tu. Nikajua kaishiwa.

Mke wangu akauliza kama dunia ni bapa. Nikamwambia asiingilie mambo ya safari. Akavuta tikiti maji lililokuwa likisubiri kisu, akachomeka vijiti viwili vya meno, kimoja kila upande, juu kidogo ya katikati. Akaninyang'anya futi. Kuzunguka ubavuni: ndefu. Kupitia juu, karibu na kikonyo: fupi! Nikadai tikiti limepinda. Mama mkwe akavaa miwani, akapima mwenyewe, mara mbili.

"Baba, kaa ule," akaniambia. "Mimi nitakwenda na huyu aliyeiona njia."

Kumbe ni mke wangu! Mwanyumba alicheka mpaka akapaliwa. Hakuna aliyempiga mgongo haraka kama mimi, wala kwa nguvu vile.

Jumanne, 11 Machi
Wameondoka asubuhi. Mke wangu alinikumbatia uwanjani muda mrefu. Muda mrefu mno. Kwa nini?

Jumatano, 12 Machi
Mke wangu kapiga simu nikinywa chai ya asubuhi. Wamefika salama, mtoto mzuri, mama mkwe kalala. Akauliza kama nimekula. Kisha akateleza ulimi: huko bado ni usiku wa Jumanne.

Jumanne! Mtu aondoke Jumanne, akae hewani saa kumi na tatu, na mimi niko Jumatano, yeye bado yuko jana? Hawajasafiri hawa. Wamefichwa, na najua aliyewaficha.

Nimefunga duka. Niko stoo kwa mwanyumba, naandika nimesimama. Nyuma ya magunia hawapo. Sasa napanda darini.