Diski ya Kujumlisha na Diski ya Kutoa

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru na anawakilishwa na dereva wake. Waheshimiwa madiwani, mlioko madarakani na mlioangushwa. Viongozi wetu wa dini zote. Ndugu wafanyabiashara wa Kariakoo, pamoja na wamachinga mliotakiwa kuondoka uwanjani hapa tangu asubuhi. Wadau wa teknohama, wanahabari, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Shaibu Lipwata, Mwenyekiti wa Kamati ya Mpito ya Kuhamisha Kumbukumbu za Wananchi kutoka Kanda kwenda Diski, nasimama hapa Mnazi Mmoja kwa unyenyekevu mkubwa, ingawa mnaonijua mnafahamu nina kila sababu ya kutokuwa nao. (Kicheko.)

Ndugu wananchi, mradi huu ulianza kuwa na sura ya kibinadamu siku Mama Krina, yule pale mstari wa mbele mwenye sari ya kijivu, alipofika ofisini kwangu na kanda ya video ya harusi ya bintiye. Ndani yake mumewe, marehemu mzee Ghanshyam, muuza vitambaa mnayemkumbuka, anawakaribisha wageni na kucheka, na hakuna mahali pengine popote ilipobaki sauti yake. Mama alikuwa amenisikia redioni nikiahidi kwamba katika zama hizi za soko huria na utandawazi, tutawanakilia wananchi kanda zao bure kabla hazijaoza. Akaniambia maneno ambayo nimeyaingiza kwenye dira ya mradi: "Baba, mimi sitaki mambo makubwa. Nataka kumsikia mzee akicheka." (Wanawake wanaguna kwa huruma.)

Lakini kamati makini haikurupuki. Tulianza na upembuzi yakinifu wa mashine, na kwa kuwa mashine yenyewe ya kunakilia diski inaitwa ya kuchomea, mjumbe mmoja alihoji usalama wake, ikabidi tusimame kwanza kupisha semina elekezi ya kuzima moto, Bagamoyo. Tuliporudi tukagundua diski ziko za aina mbili, yenye alama ya kujumlisha na yenye alama ya kutoa. Mvutano ulikuwa mkali. Nilisimama kidete nikasema sitawapa wananchi diski ya kutoa wakati sera yetu ni kuwaongezea. (Makofi.) Ndugu Elisaria, mwenye duka la elektroniki pale Kariakoo, alitueleza kwamba mashine za siku hizi zinachoma zote mbili, na kwamba cha kuangalia ni deki ya nyumbani kwa mama inasoma ipi. Tuliupokea mchango wake, tukaenda Dubai kujiridhisha.

Ikaja hoja ya programu ya kunakilia. Tulipewa ya majaribio, nayo ikaisha muda tukiwa bado tunajadili ni mjumbe gani akabidhiwe neno la siri. (Kicheko. Mwenyekiti anakunywa maji.)

Kipindi chote hicho kanda ya mama ilihifadhiwa kitaalamu juu ya kabati langu, chini ya kiyoyozi kinachovuja. Alikuja kuiulizia mara nyingi. Mara ya mwisho hakuketi. Aliichukua, akafunua kifuniko, akauona ukungu mweupe kwenye utepe, kisha akaniuliza taratibu, "Wewe Shaibu, mama yako yupo?" Nilimjibu kuwa mchakato uko katika hatua nzuri.

Akaenda moja kwa moja kwa Elisaria, ambaye, kwa mujibu wa taarifa zilizonifikia, aliusafisha utepe kwa pamba, akaunganisha deki na kompyuta, akaichoma diski huku mama akingoja kwenye stuli. Picha nyingi zimeliwa, ndugu zangu. Uso wa mzee hauonekani. Lakini kicheko chake kilisikika mpaka barazani, na naambiwa mama alicheka pamoja naye, kisha akalia, kisha akaomba kirudiwe. (Mtu anapenga kamasi.)

Kwa takwimu hizo natangaza rasmi kwamba asilimia mia moja ya kanda zilizowasilishwa zimenakiliwa. (Makofi ya meza kuu peke yake.)

Kumbukumbu zetu! (Sauti chache: Zidumu.) Diski ya kujumlisha! (Idumu.) Diski ya kutoa! (Sauti kutoka nyuma: Hata hiyo tungepokea.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Ndugu Elisaria kwa kutuazima hili boksi la mashine hapa mezani, tulilolifunika kitambaa, ambalo anaomba lirudi kabla hajafunga duka. Mashine iliyokuwamo alishaiuza. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Krina kwa diski hii, niliyomwomba asubuhi ya leo, maana kamati haijawahi kununua mashine, wala diski, wala kupata chumba, na meza isingeweza kukaa tupu.

(Mama Krina anapanda jukwaani, anaichukua diski na kuitia mkobani. "Samahani, Mwenyekiti," anasema. "Wajukuu wananisubiri. Hawajawahi kumsikia." Anashuka. Mstari wote wa mbele unainuka na kumfuata.)

Basi, kwa mliobaki, ahsanteni kwa kunisikiliza.